Namna ya Kuchambua Wahusika na Taashira katika Riwaya Kuu za Marekani: Mwongozo Kamili

Mwanafunzi akiulizwa taa ya kijani katika The Great Gatsby ina maana gani, mara nyingi huwa na jibu mkononi kabla hata hajaifungua riwaya yenyewe: ni matumaini. Akiulizwa kuhusu nyangumi mweupe wa Moby-Dick, atasema ni uovu, au labda Mungu; akiulizwa kuhusu mto Mississippi, atasema ni uhuru. Majibu hayo si ya uongo. Tatizo lake ni kwamba yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajasoma ukurasa hata mmoja, na mtahini au msomaji makini hulitambua hilo mapema sana. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, nayo ni kuisoma taashira, yaani kitu kinachobeba maana zaidi ya chenyewe, kupitia kwa mhusika anayeitazama, na kumsoma mhusika kupitia vitu anavyovitazama, anavyovitamani na anavyovificha. Vitabu vingi vya uhakiki huyaweka mambo haya mawili katika sura mbali mbali, wahusika huku na taashira kule, ilhali katika riwaya hizi kuyatenganisha ni kuyaua yote mawili.

Riwaya tano zitatumika kama mifano: The Scarlet Letter ya Nathaniel Hawthorne (1850), Moby-Dick ya Herman Melville (1851), Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain, iliyotoka Uingereza Desemba 1884 na Marekani Februari 1885, The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald (1925), na Invisible Man ya Ralph Ellison (1952). Nne za kwanza haki miliki zake zimekwisha nchini Marekani na zinapatikana bure kwenye intaneti kwa njia halali. Ya Ellison bado inalindwa, hivyo itakubidi uinunue au uiazime maktaba.

Hatua ya kwanza: soma bila kuwinda

Usomaji wa kwanza uwe wa kufuata kisa. Msomaji anayeanza na kalamu nyekundu mkononi, akitafuta taashira katika kila rangi na kila ndege anayeruka, huishia kukosa kile kinachoifanya taashira iwe na nguvu, yaani hali ya mtu aliyeathiriwa nayo. Weka alama ndogo ya penseli pembeni pale tu kitu kinapokushangaza au kinaporudi kwa mara ya pili, kisha endelea mbele.

Kwa anayeanza, The Great Gatsby ndiyo nafuu zaidi, kwa kuwa ina sura 9 tu na kila sura ina tukio lake bayana. The Scarlet Letter ina sura 24 na dibaji ndefu kuhusu ofisi ya forodha, ambayo unaweza kuiruka mwanzoni na kuirudia baadaye. Huckleberry Finn huwachosha wengi kwa sababu imeandikwa kwa lahaja za mazungumzo za watu wa kusini mwa Marekani, na inatumia mara nyingi mno neno la kashfa dhidi ya watu Weusi. Ni vyema msomaji ajiandae, na mwalimu awaandae wanafunzi wake, kabla ya kuingia humo. Moby-Dick ina sura 135 na hitimisho, na baadhi ya sura hizo zinazungumzia mifupa na mafuta ya nyangumi tu. Mtu asione haya kuzipitia hizo kwa haraka katika usomaji wa kwanza.

Hatua ya pili: mjue msimulizi kabla ya mhusika mwingine yeyote

Kila unachokiona katika riwaya umeonyeshwa na mtu fulani. Katika The Great Gatsby mtu huyo ni Nick Carraway, kijana wa majimbo ya kati ya Marekani aliyekuja mashariki mwaka 1922 kufanya biashara ya hatifungani, akapanga nyumba ndogo jirani na jumba la Jay Gatsby. Katika kurasa za mwanzo kabisa Nick anatuambia kwamba ana mazoea ya kutowahukumu watu, kisha anatumia riwaya nzima kuwahukumu. Mwishoni mwa sura ya 3 anajihesabu kuwa mmoja wa watu wachache waaminifu aliopata kuwajua. Sura mbili baadaye anaandaa chai nyumbani kwake ili Gatsby akutane na Daisy, binamu yake Nick, ambaye ni mke wa mtu. Mhakiki hatakiwi kumwita Nick mwongo kwa sababu hiyo. Anachotakiwa ni kukumbuka, kila anapokutana na taashira katika kitabu hicho, kwamba ni Nick aliyeamua kitu hicho kistahili kutazamwa.

Huck Finn ni msimulizi wa aina nyingine kabisa: mtoto asiyejua thamani ya jambo analolisimulia, kiasi kwamba msomaji anaelewa zaidi yake. Ishmael wa Moby-Dick naye ni wa ajabu zaidi, kwa sababu ni baharia wa kawaida, lakini anaripoti hata maneno ambayo Kapteni Ahab anajisemea peke yake chumbani, mahali ambapo Ishmael hakuwepo. Msimulizi wa Hawthorne yupo nje ya kisa, ila ana tabia ya kutoa maelezo mawili au matatu ya tukio moja na kumwachia msomaji achague. Andika sentensi mbili au tatu kuhusu msimulizi wa riwaya unayoisoma: anajua nini, hajui nini, na anampendelea nani. Sentensi hizo utazirejea katika kila hatua inayofuata.

Hatua ya tatu: mpime mhusika kwa analolitaka, analolifanya, na pale viwili hivyo vinapogongana

Wengi wetu tuliosoma fasihi shuleni Afrika Mashariki tulifundishwa kuorodhesha sifa na umuhimu wa wahusika: ni mkarimu, ni mwenye bidii, ni msaliti, anatumiwa na mwandishi kuendeleza maudhui. Orodha hiyo inafaa kwa kujikumbusha usiku wa kuamkia mtihani, lakini haielezi kwa nini mhusika anakaa akilini mwa msomaji. Mahali pa orodha, jibu maswali matatu. Mhusika anataka nini? Anafanya nini ili akipate? Ni wapi tendo lake linapingana na maneno yake au na imani yake mwenyewe?

Chukua sura ya 31 ya Huckleberry Finn. Huck amesafiri na Jim, mtu mzima aliyetoroka utumwani, kwa chelezo kwenye mto Mississippi, na sasa Jim ameuzwa kwa hila na matapeli wawili waliokuwa wakisafiri nao. Huck amelelewa katika jamii inayoamini kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na ni dhambi. Anaandika barua kwa Bibi Watson, mmiliki wa Jim, kumjulisha alipo, na mara moja anajihisi ametakasika. Kisha, kabla ya kuituma, anaanza kukumbuka: Jim akikesha zamu yake na kuiunganisha na zamu ya Huck ili mtoto apate kulala, Jim akimwambia kuwa yeye ndiye rafiki bora aliyewahi kuwa naye. Anaichana barua na kukubali kwenda jehanamu. Kinaya cha sehemu hiyo ni kwamba Huck hajagundua kuwa utumwa ni uovu. Bado anaamini anatenda dhambi, ila ameamua kuitenda. Ukiandika tu kwamba Huck ni jasiri na mwenye huruma, umepoteza kila kitu kinachoifanya sura hiyo kuwa kiini cha riwaya.

Jim mwenyewe anastahili uangalifu huo huo, kwa sababu wahakiki wavivu humgeuza kuwa kipimo cha tabia ya Huck na kumsahau yeye. Katika sura ya 23 anasimulia alivyompiga kofi binti yake wa miaka minne kwa kutotii amri ya kufunga mlango, kisha upepo ukaubamiza mlango nyuma ya mtoto bila mtoto kushtuka, na hapo ndipo baba alipong'amua kuwa homa ilikuwa imemwacha kiziwi. Aya chache hizo zinampa Jim ubaba, majuto na historia ambayo Huck hana sehemu ndani yake.

Gatsby ni mfano wa mhusika ambaye haja yake imemmeza. Jina lake la kuzaliwa ni James Gatz, mtoto wa wakulima wa North Dakota, na anachokitaka si Daisy tu, bali Daisy wa miaka mitano iliyopita, kana kwamba ndoa yake na Tom Buchanan haikuwahi kufungwa. Tazama kwa karibu tukio dogo la sura ya 7: mtoto wa kike wa Daisy analetwa sebuleni kusalimia wageni, Gatsby anamshika mkono, kisha anaendelea kumtazama kwa mshangao, na Nick anahisi kwamba mpaka wakati huo Gatsby hakuwa ameamini kweli kuwa mtoto huyo yupo. Katika tukio hilo hakuna ishara wala rangi ya kufasiri, ila linatueleza kuhusu ndoto ya Gatsby zaidi ya karamu zake zote.

Wahusika wadogo wasikupotezee muda mwingi. Waulize swali moja tu: wanamwonyesha mhusika mkuu kitu gani ambacho hakioni mwenyewe?

Hatua ya nne: tunza daftari la vitu vinavyorudi

Katika usomaji wa pili, ambao unaweza kuwa wa sura teule tu, fungua ukurasa wa daftari na uchore safu nne: kitu, sura, nani anakitazama au kukitaja, na nini kimetokea muda mfupi kabla na baada. Safu ya nne ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo watu huiacha wazi.

Jaribu na taa ya kijani. Inaonekana mahali patatu panapohesabika. Mwishoni mwa sura ya 1, Nick anarudi nyumbani usiku kutoka kwa akina Buchanan na kumwona Gatsby amesimama nje, akinyoosha mikono kuelekea maji yenye giza huku akitetemeka. Nick anapotazama upande huo haoni chochote ila taa moja ya kijani, ndogo na ya mbali, ambayo huenda ipo kwenye ncha ya gati. Hapo hajui taa ni ya nani, na msomaji hajui pia. Katika sura ya 5, Gatsby yuko na Daisy chumbani mwake na anamweleza kwamba, kama si ukungu, wangeona nyumba yake ng'ambo ya ghuba, pamoja na taa ya kijani inayowaka usiku kucha kwenye gati lake. Daisy anampenyezea mkono wake ghafla, lakini Gatsby amezama katika maneno aliyoyasema, na Nick anawaza kwamba sasa taa imerudi kuwa taa tu, na hesabu ya vitu vyenye uchawi katika maisha ya Gatsby imepungua kwa kimoja. Mara ya tatu ni mwisho wa sura ya 9, Gatsby akiwa amekwisha kuzikwa, ambapo Nick anaiunganisha taa hiyo na kijani cha ardhi ya Amerika kama ilivyoonekana na mabaharia wa Kidachi walipofika mara ya kwanza.

Ukiwa na safu hizo nne zilizojaa, jibu la neno moja haliwezi kukutosha tena. Taa inapoteza nguvu siku ile ile Gatsby anapompata Daisy, maana yake ni kwamba nguvu hiyo ilitoka kwenye umbali. Zaidi ya hapo, Gatsby mwenyewe hasemi popote kwamba taa inaashiria kitu fulani; ni Nick anayeipa ukubwa huo, na anaupanua hadi kuwa historia ya bara zima baada ya mwenye ndoto kufa. Hapa ndipo sentensi zako za hatua ya pili zinapoanza kulipa.

Hatua ya tano: uliza ni nani anayekifasiri kitu hicho

Hii ndiyo hatua ninayoiona kuwa muhimu kupita zote, na Melville alimsaidia msomaji kwa kuandika sura nzima inayoifundisha, nayo ni sura ya 99 ya Moby-Dick. Hapo awali, katika sura ya 36, Ahab alipigilia sarafu ya dhahabu ya Ecuador kwenye mlingoti wa meli Pequod, akiahidi kumpa baharia wa kwanza atakayemwona nyangumi mweupe. Sasa watu wa meli wanapita mmoja baada ya mwingine na kuisoma. Juu ya sarafu kuna vilele vitatu vya milima, kimoja kikiwa na mwali wa moto, kingine mnara, na cha tatu jogoo anayewika, na juu yake sehemu ya duara la buruji, yaani nyota za falaki.

Ahab anatazama na kuona kwamba mnara ni Ahab, mlima wa moto ni Ahab, na jogoo mshindi naye ni Ahab. Starbuck, msaidizi wake wa kwanza na Mkristo mcha Mungu, anaona vilele vitatu kama Utatu Mtakatifu na bonde la mauti katikati yake. Stubb, msaidizi wa pili, anachukua kitabu cha kalenda na kuzigeuza buruji kuwa simulizi ya kuchekesha ya maisha ya binadamu tangu kuzaliwa hadi kufa, halafu anajificha ili awasikilize wengine. Flask, msaidizi wa tatu, haoni taashira yoyote: anaona dola 16, ambazo kwa sigara za senti mbili mbili zingempatia sigara 960. Ukipiga hesabu utapata 800, kwa hiyo hata yule anayejivunia kuona ukweli mtupu wa fedha ameusoma vibaya. Queequeg, mrusha chusa kutoka visiwa vya Pasifiki, anailinganisha sarafu na michoro iliyo kwenye mwili wake mwenyewe. Mwisho anakuja Pip, kijana Mweusi aliyepoteza akili baada ya kuachwa peke yake baharini, na badala ya kutoa tafsiri ananyambua kitenzi cha kutazama: mimi natazama, wewe unatazama, yeye anatazama, na kuendelea.

Usiisome sura hii kana kwamba inasema kila tafsiri ni sawa na nyingine. Kila tafsiri hapa ni kipande cha tabia ya mtu. Ya Ahab inatimia sura 34 mbele, nyangumi anapoonekana na Ahab anadai kuwa yeye ndiye aliyemwona kwanza, hivyo sarafu aliyowaahidi mabaharia ni yake. Mtu aliyejiona katika kila mlima ameichukua na zawadi.

Hamisha swali hilo hilo kwenye macho makubwa ya Doctor T. J. Eckleburg, yaliyochorwa kwenye bango chakavu juu ya bonde la majivu katika The Great Gatsby. Kuna mazoea ya kuandika kwamba macho hayo ni macho ya Mungu. Ni nani katika riwaya anayesema hivyo? Ni George Wilson peke yake, fundi wa magari aliyefiwa na mke usiku uliotangulia, akiwa hajalala, katika sura ya 8. Jirani yake Michaelis anamjibu pale pale kwamba hilo ni tangazo la biashara. Nick naye alikwisha kutueleza katika sura ya 2 kwamba huenda daktari wa macho aliliweka bango hilo kutafuta wateja, akafa au akahama. Kwa hiyo aya nzuri haitasema tu kwamba macho ni Mungu. Itaonyesha mtu aliyevunjika anayemtafuta Mungu mahali ambapo pamebaki tangazo peke yake, na kwamba katika ulimwengu wa kitabu hicho hakuna aliyebaki wa kumwonyesha mahali pengine.

Hatua ya sita: fuatilia badiliko

Taashira iliyoandikwa kwa ustadi haibaki vile vile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Herufi A nyekundu ya The Scarlet Letter ndiyo mfano unaofundishika kwa urahisi zaidi. Hester Prynne, mwanamke wa Boston ya karne ya 17, ameamriwa na mahakimu wa Kipuritani, Wakristo wenye msimamo mkali wa maadili, avae herufi hiyo kifuani kama adhabu ya uzinzi, yaani Adultery, baada ya kuzaa nje ya ndoa. Jambo la kwanza la kulitazama ni kwamba ameitarizi mwenyewe kwa nyuzi za dhahabu, kwa uzuri uliopita kiasi kilichoruhusiwa, hivyo tangu mwanzo aibu waliyomvisha imepitia mikononi mwake. Katika sura ya 12, Mchungaji Dimmesdale, ambaye ndiye baba wa mtoto na ameficha jambo hilo, anaona kimondo kikichora A angani usiku na kuamini mbingu imemfichua. Kesho yake mtumishi wa kanisa anamweleza kwa utulivu kwamba watu wameifasiri herufi hiyo kuwa ya malaika, yaani Angel, kwa sababu Gavana Winthrop alifariki usiku huo. Sura moja baadaye, baada ya miaka ya Hester kuuguza wagonjwa na kusaidia maskini, watu wa mji wanasema A ni ya Able, kwa maana ya mwanamke mwenye uwezo.

Wengi husimama hapo na kuhitimisha kwamba herufi imegeuka kutoka aibu kuwa heshima. Ila sogea hadi sura ya 18 na 19. Msituni Hester anaivua herufi na kuitupa, anafungua nywele zake, na uzuri wake unarudi. Pearl, mtoto wake, anasimama ng'ambo ya kijito, ananyoosha kidole kwenye kifua kitupu cha mama yake, na anakataa kuvuka huku akipiga kelele mpaka herufi irudishwe. Kwa mtoto huyo A haijawahi kuwa aibu wala heshima. Ni sehemu ya mama anayemjua. Maana ya herufi haikusafiri kwa mstari ulionyooka, na insha yako haipaswi kuinyoosha.

Mto Mississippi nao uangaliwe hivyo. Juu ya chelezo Huck na Jim wana amani ambayo nchi kavu haiwapi, lakini maji yanateremka kusini, yakizidi kumwingiza Jim katika nchi ya utumwa. Mpango wao ulikuwa kufika Cairo, penye makutano na mto Ohio, kisha wapande kuelekea majimbo huru, wakapitwa na mji huo gizani katika ukungu. Anayeandika kwamba mto ni uhuru na kuishia hapo hajatazama ramani.

Kwa Ellison, kifuate kitu kimoja tu: mkoba wa ngozi. Msimulizi wa Invisible Man, kijana Mweusi ambaye hatajwi jina popote, anapewa mkoba huo katika sura ya 1 na wazungu wakubwa wa mji wake, pamoja na nafasi ya masomo, baada ya wao kumlazimisha kupigana na wenzake akiwa amefungwa kitambaa machoni kwa burudani yao. Anaubeba hadi New York, na kila taasisi inayomtumia inaacha kitu ndani yake. Katika ghasia za Harlem zinazofunga kisa, akikimbia huku ameushikilia, anatumbukia shimoni chini ya barabara. Wazungu wawili walio juu wanamuuliza mkoba una nini, naye anawajibu kwamba ndani yake wamo wao, nao wanafunika shimo. Katika giza analazimika kuchoma karatasi moja baada ya nyingine ili apate mwanga: cheti cha shule kwanza, kisha, miongoni mwa nyingine, barua isiyo na jina la mwandishi na kikaratasi chenye jina jipya alilopewa na chama chake. Kwa mwanga wa moto huo anagundua kwamba mwandiko wa hizo mbili ni wa mtu mmoja, kiongozi wake mwenyewe. Sijui kama kuna mahali pengine katika riwaya za nchi hiyo ambapo taashira na msuko vimefungana kwa nguvu kiasi hicho, kwani kitu kinachoashiria udanganyifu ndicho kinachomulika udanganyifu.

Historia iingie kwa kipimo

Msomaji anahitaji kujua mambo machache ya hakika, si sura nzima ya historia. Hawthorne alikuwa mjukuu wa vizazi kadhaa wa John Hathorne, mmoja wa mahakimu wa kesi za uchawi za Salem mwaka 1692, na hilo linaeleza kwa nini ukali wa mahakimu katika kitabu chake si jambo la nadharia. Aliajiriwa katika forodha ya Salem kuanzia 1846 hadi 1849, bandari ile ile ambayo wafanyabiashara wake waliuza Unguja kitambaa ambacho watu wa pwani yetu wanakiita merikani hadi leo. Twain aliandika kuhusu utumwa karibu miaka 20 baada ya kukomeshwa kwake mwaka 1865, kwa wasomaji walioona Weusi wakinyang'anywa tena haki walizokuwa wamezipata. Na karamu za Gatsby zinafurika pombe wakati sheria ya Marekani imepiga marufuku uuzaji wake, jambo linaloeleza utajiri wake unatoka wapi. Ukweli wa historia uingie kwenye insha pale tu unapobadilisha usomaji wa tukio fulani; ukiwa pambo, uache.

Kuipima tafsiri kabla ya kuiandika

Rangi ndizo zinazowapoteza wanafunzi zaidi. Wengi huandika kwamba gari la Gatsby ni la njano, na njano ni fedha iliyooza. Rudi kwenye matini: katika sura ya 4 Nick analiita la rangi ya krimu iliyokolea. Ni baada ya ajali ya sura ya 7, ambapo gari hilo linamgonga na kumuua mke wa Wilson, ndipo shahidi mmoja anasema gari lilikuwa la njano, huku Michaelis akimwambia polisi wa kwanza kuwa lilikuwa kijani hafifu. Mashahidi hawakubaliani, na Wilson anaua mtu kwa kufuata gari hilo. Ukweli huo una faida kwa mhakiki kuliko jedwali lolote la maana za rangi.

Kwa hiyo, kabla ya kuikubali tafsiri yako, iulize iwapo kitu hicho kinarudi zaidi ya mara moja au kimepewa nafasi kubwa isivyo kawaida, iwapo kuna mhusika anayebadilika anapokutana nacho, na iwapo ungekiondoa kisa kingepungua. Kikishindwa vipimo vyote vitatu, ni samani ya chumba tu, na riwaya inahitaji samani.

Kuandika

Aya ya uhakiki ianze na mtu na tendo, si na taashira. Linganisha sentensi mbili. Ya kwanza: “Taa ya kijani inaashiria matumaini ya Gatsby ya kumpata Daisy.” Ya pili: “Gatsby anaitaja taa ya kijani mbele ya Daisy kwa mara ya kwanza katika sura ya 5, na Nick anahisi kwamba kwa kuitaja tu amekwisha kuipoteza, jambo linaloashiria kuwa alichokipenda kwa miaka mitano kilikuwa ule umbali wenyewe.” Ya pili ina mahali, ina msimulizi, ina badiliko, na ina dai ambalo mtu anaweza kulipinga kwa ushahidi. Dai lisilopingika halistahili aya.

Nukuu ziwe fupi na kila nukuu ifuatwe na maelezo marefu kuliko yenyewe. Kama unaandika kwa Kiswahili kuhusu matini ya Kiingereza, fasiri mwenyewe sehemu unayoihitaji na utaje sura, kwa sababu namba za kurasa hutofautiana kati ya toleo na toleo. Insha ya kurasa tatu inatosheka na taashira moja na wahusika wawili wanaoitazama tofauti. Ukitaka kuingiza Eckleburg, taa, gari, mashati na saa katika insha moja, utaishia kutengeneza orodha, na daftari lako la safu nne linaifanya kazi hiyo vizuri zaidi.